Likizo Ndefu na Mwili wa Mwanajimnastiki Chipukizi

Mtoto anayeshindana katika jimnastiki, sarakasi au mbio hapotezi kila kitu kwa mkupuo anapoacha mazoezi. Pumzi hutangulia. Nguvu hufuata kwa mbali kidogo. Wepesi wa viungo hupungua siku hadi siku bila mwenyewe kutambua, na ufundi uliokwisha kuzoeleka, kama vile kusimama kwa mikono au kupiga samasoti, hudumu kuliko vyote. Kwa hiyo mtoto anayerudi uwanjani Januari anakumbuka vema alichokuwa akikifanya Novemba, ila mwili alio nao si ule wa Novemba. Likizo ndefu huwaumiza watoto zaidi kwa tofauti hiyo kati ya kumbukumbu na uwezo kuliko kwa kile wanachokipoteza.

Katika Mkoa wa Pwani, kama kwingineko Tanzania Bara, likizo ya michezo ni likizo ya shule. Mwaka wa masomo una mihula miwili, na kila muhula una mapumziko mafupi katikati yake. Juni huwa na likizo ya takriban mwezi mmoja, na ile ya mwisho wa mwaka huanza mapema Desemba na kukaribia wiki tano. Watoto wengi wa Kibaha na Kisarawe hawana klabu. Shule ndiyo uwanja wao, ndiyo kocha wao, ndiyo saa yao ya mazoezi. Mchakamchaka wa asubuhi, kipindi cha michezo cha jioni na filimbi ya mwalimu wa michezo husimama siku shule inapofungwa. Kwenye shule za bweni mambo huwa makali zaidi. Shule ya Sekondari Kibaha, iliyo ndani ya Shirika la Elimu Kibaha lililoanza mwaka 1963 kama kituo cha ushirikiano kati ya nchi za Nordiki na Tanganyika, na Shule ya Sekondari Minaki wilayani Kisarawe, hupokea wanafunzi kutoka mikoa mingi. Likizo inapoingia, timu nzima hutawanyika. Anayemshika mwenzake anaporuka yuko Mbeya, na aliyezoea kushikwa yuko Moshi. Mbio mtu anaweza kukimbia peke yake. Sarakasi ya watu wawili haiwezekani.

Jimnastiki ya mashindano, yenye mihimili, pete na majaji, bado ni changa Tanzania. Kilichokita mizizi ni sarakasi na halaiki. Sarakasi ilipata msukumo baada ya vijana waliopelekwa China kujifunza kurudi nchini na kundi la taifa kuundwa mwaka 1969. Baadaye Chuo cha Sanaa Bagamoyo, katika mkoa huohuo wa Pwani, kikaiingiza katika mafunzo yake. Matunda ya mapokeo ya sarakasi ya Tanzania yalionekana mwaka 2024, vijana wawili wa Ramadhani Brothers, wanaobebana kichwa kwa kichwa, waliposhinda America's Got Talent: Fantasy League nchini Marekani. Halaiki nayo huwakusanya wanafunzi wengi kwa pamoja kwa ajili ya sherehe za kitaifa, wakijipanga, wakipinda migongo, wakibebana na kuruka kwa hesabu moja.

Kibaha ina mfano wake wa karibuni. Mwenge wa Uhuru ulizinduliwa kitaifa katika viwanja vya Shirika la Elimu Kibaha tarehe 2 Aprili 2025, na uzinduzi wa aina hiyo huambatana na halaiki ya wanafunzi. Mwaka huo shule zilifunguliwa 13 Januari. Kati ya siku hiyo na uzinduzi zilikuwepo wiki 11, na wiki nne za mwisho zilikuwa za mwezi wa Ramadhani, uliomalizika kwa Idi ya 31 Machi. Ratiba ya namna hiyo haina nafasi ya kubahatisha. Mwalimu anayeandaa watoto ndani yake analazimika kujua likizo imechukua nini na imeacha nini.

Pumzi ndiyo iliyopimwa zaidi. Siku chache tu baada ya mazoezi kusimama, majimaji ya damu hupungua. Moyo husukuma damu kidogo kwa kila pigo na kulazimika kupiga haraka zaidi kwa kazi ileile. Baadaye viwanda vidogo vya nishati vilivyo ndani ya misuli navyo hupunguza kazi. Edward Coyle na wenzake, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1984, waliwafuatilia watu wazima waliokuwa wamezoea mazoezi makali na kisha wakaacha. Uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 katika siku 21 za kwanza, ukafika asilimia 16 chini ya ulipoanzia siku ya 56, na hapo ukatulia. Likizo ya Desemba, yenye wiki tano, inaangukia katikati ya namba hizo mbili.

Namba hizo hata hivyo ni za watu wazima waliokaa bila mazoezi, na mtoto wa miaka kumi hakai. Msichana wa Kisarawe akiwa likizo anacheza rede, anaruka kamba, anachota maji, anapanda na kushuka njia za vilima vya Pugu. Mvulana yuko kwenye chandimu tangu alasiri mpaka giza. Msimu wa korosho ukiwa haujaisha, wote wawili wako shambani asubuhi. Mwili wa namna hiyo haulegei kama wa mtu mzima aliyekaa ofisini, na ni kosa kuzungumza juu ya likizo ya mtoto wa kijijini kana kwamba ni kitanda cha hospitali. Kinachokosekana katika wiki hizo ni vitu mahususi: kubeba uzito wa mwili kwa mikono, kutua kutoka juu, kupinduka hewani, kukimbia kwa kasi ya mwisho. Hakuna kazi ya nyumbani inayofanana navyo, na ndivyo atakavyodaiwa siku ya kwanza.

Nguvu ina tabia tofauti kwa mtoto na kwa mtu mzima. Mtu mzima aliyejenga misuli anaweza kukaa wiki tatu au nne na asipungukiwe na mengi. Mtoto ambaye hajabalehe huongeza nguvu zaidi kwa mishipa ya fahamu kujifunza kuiamrisha misuli vizuri kuliko kwa misuli kunenepa. Avery Faigenbaum na wenzake walilionyesha hilo katika utafiti wao wa mwaka 1996: watoto walifanya mazoezi ya nguvu kwa wiki 8, wakaacha kwa wiki 8, na nguvu walizozipata zikashuka kuelekea kiwango cha wenzao ambao hawakufanya mazoezi hayo. Habari njema ni kwamba kilichojengwa kwa njia ya fahamu hurudi upesi. Mtoto aliyekuwa akisimama kwa mikono kwa nusu dakika kabla ya likizo atatetemeka kwa sekunde kumi siku ya kwanza, na kwa kawaida baada ya wiki mbili au tatu atakuwa amekaribia alipoachia, mradi hakuharakishwa.

Wepesi wa viungo hauna mjadala mrefu. Msamba usionyooshwa hupanda, mgongo hukaza, na anayeulazimisha ushuke kwa siku moja huchana msuli wa paja. Ngozi ngumu ya viganja hulainika na kuchubuka mwanzoni. Jambo linalostahili uangalifu zaidi ni kifundo cha mkono. Mtoto anapopinduka kwa mikono, kifundo hicho hubeba zaidi ya uzito mzima wa mwili, na mwisho wa mfupa wa mkono wa mtoto una tabaka la gegedu ambalo mfupa hukulia. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe na kuliko kano. Likishtuliwa kila siku baada ya wiki tano za kupumzika huanza kuuma, na maumivu ya kifundo cha mkono kwa mtoto wa jimnastiki hayapaswi kuitwa uvivu. Kisigino na sehemu ya chini ya goti, ambako mtoto anayekua ana matabaka ya aina hiyo, huumia kwa njia inayokaribiana wakati wa kutua. Nguvu inayoupiga mwili katika kutua kwa miruko mikubwa ya jimnastiki imepimwa kuwa zaidi ya mara 10 ya uzito wa mwili, na hiyo ni kwenye mikeka ya kisasa. Nyingi ya sarakasi za Pwani hutua kwenye mchanga, majani, au ardhi iliyokauka kwa jua la Januari.

Suala la ukuaji ni zito kuliko yote na husahauliwa kuliko yote. Wasichana hufikia kasi yao kubwa ya kurefuka wakiwa na umri wa karibu miaka 12, wavulana karibu miaka 14, na katika mwaka huo mtoto anaweza kuongezeka sentimita 8 hadi 10. Likizo ya Desemba pekee inaweza kumwongezea karibu sentimita moja; miezi minne, sentimita tatu. Kwa anayetembea, hilo ni suala la suruali iliyofupika. Kwa anayezunguka hewani ni jambo jingine kabisa, kwa sababu ugumu wa kuuzungusha mwili hauongezeki sambamba na urefu. Umbo likibaki lilelile, huongezeka kwa kipeo cha tano cha urefu. Mtoto aliyetoka sentimita 150 hadi 153 ameongeza urefu kwa asilimia 2 tu, lakini mwili wake umekuwa mgumu kuuzungusha kwa takriban asilimia 10. Misuli yake haijaongezeka kwa kiasi hicho, na kwa wiki kadhaa haikufanya kazi hiyo hata kidogo. Samasoti aliyoikamilisha Novemba sasa haikamiliki kabla ya miguu kufika chini, na anayetua kwa shingo au magoti anaambiwa amekuwa mwoga. Hajawa mwoga. Amekuwa mrefu, na hakuna aliyempima.

Katika mazoezi ya kila siku mabadiliko hayo huingia polepole na ubongo huyarekebisha kila jioni bila mtu kujua. Likizo huyakusanya na kuyaleta kwa siku moja. Kwa sababu hiyo mtoto wa miaka 9 na mtoto wa miaka 13 waliopumzika kwa wiki zilezile tano hawastahili programu moja ya kurudi, hata kama wako mstari mmoja wa halaiki.

Hapo ndipo kalenda ya elimu ya Tanzania inapogusa jambo kubwa zaidi. Likizo ndefu kuliko zote haipo kwenye kalenda, na haina jina. Mtihani wa darasa la saba mwaka 2024 ulifanyika 11 na 12 Septemba, na kidato cha kwanza kilianza 13 Januari 2025. Hiyo ni miezi minne. Anayemaliza kidato cha nne Novemba na kusubiri kidato cha tano Julai hukaa zaidi ya miezi saba. Miezi hiyo hujazwa na masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza, biashara ndogo ya mzazi, au safari kwa bibi; mazoezi hayamo. Miezi minne ya darasa la saba huwaangukia watoto wakiwa na umri wa karibu miaka 13, yaani wasichana wakiwa ndiyo kwanza wamepita kilele cha ukuaji na wavulana wakiwa wanakiendea. Mtoto aliyekuwa nyota wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, akitokea shule ya msingi ya Kibaha hufika sekondari akiwa na mwili mwingine, kwa mwalimu mwingine asiyemjua, na hakuna karatasi inayomtangulia kueleza alikuwa akifanya nini. Vipaji vingi vinavyosemwa kuwa vilipotelea sekondari huenda vilipotelea katika miezi hiyo minne.

Juni ina hali yake. Michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari hupanda kutoka shule hadi kata, halmashauri, mkoa na taifa, na hatua zake za juu hufanyika katikati ya mwaka. Kwa mtoto aliyechaguliwa timu ya mkoa, Juni ni kambi na mashindano. Kwa aliyetolewa ngazi ya kata, mazoezi yamekwisha Mei. Aliyekuwa nyuma kidogo hupumzika muda mrefu zaidi na Julai anazidi kuachwa nyuma, ilhali aliyekuwa mbele anarudi darasani bila kupumzika kabisa. Wote wawili wana haja, na haja zao zinapingana.

Hali ya hewa nayo huwadai watoto wa bweni. Mwili uliozoea joto la pwani huanza kulisahau ndani ya wiki moja ya kukaa penye baridi, na sehemu kubwa ya mazoea hayo huisha katika wiki tatu au nne. Mwanafunzi aliyekula Krismasi Njombe anarudi Kibaha au Minaki Januari, katika miezi ya joto kali kuliko yote ya mwaka. Kukimbizwa saa nane mchana siku ya pili baada ya kushuka basi ni hatari ya wazi kwake. Malaria nayo huchukua siku zake: homa ya likizoni humwacha mtoto na upungufu wa damu unaoendelea wiki kadhaa baada ya homa kupona, na damu ndiyo inayobeba oksijeni. Filbert Bayi, ambaye taasisi yake ina shule na viwanja Mkuza, Kibaha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, naye alisumbuliwa na malaria katika miaka yake ya ushindani. Mtoto anayechoka upesi kupita kiasi baada ya likizo apimwe damu kabla ya kukaripiwa.

Ramadhani si likizo, lakini mazoezi hupungua, na katika mkoa wenye Waislamu wengi hakuna mpango wa michezo unaoweza kuupuuza mwezi huo. Mtoto ambaye hajabalehe hajafaradhishiwa kufunga, ila wengi hufunga kwa kujizoeza. Mazoezi mepesi ya ufundi na ya kunyoosha viungo karibu na futari, au baada yake, huutunza mwili vizuri. Kila mwaka Ramadhani hurudi nyuma kwa siku zipatazo 11. Mwaka 2025 ilikuwa Machi. Kufikia 2030 itaanza siku za mwanzo za Januari, ikiungana moja kwa moja na likizo ya Desemba. Asiyepanga mapema atakuwa na watoto waliopunguza mazoezi kwa miezi miwili mfululizo.

Pamoja na yote hayo, likizo yenyewe haina hatia. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hushauri kwamba mtoto apumzike siku moja au mbili kila wiki, na kwamba katika mwaka apate jumla ya angalau miezi mitatu mbali na mchezo wake mkuu, ikigawanywa mwezi mmoja mmoja. Mwanajimnastiki Simone Biles alipumzika mwaka mzima wa 2017 baada ya Olimpiki ya Rio, kisha akatwaa ubingwa wa dunia Doha mwaka 2018. Alipumzika tena baada ya Tokyo, ambako alipoteza fahamu ya mahali mwili wake ulipo hewani, na akarudi kushinda Antwerp mwaka 2023. Gegedu lililochoka hupona kwa kupumzika, na hamu ya mtoto hurudi kwa kuondokana na filimbi. Kambi inayomnyima mtoto Desemba yake yote inakosea sawasawa na ile inayomsahau.

Hatari iko kwenye kurudi. Mwaka 2011 wachezaji wa ligi kuu ya mpira wa Kimarekani walifungiwa nje ya vituo vya timu zao kwa zaidi ya miezi minne kwa sababu ya mgogoro wa mikataba. Kambi zilipofunguliwa, wachezaji 10 walikatika kano ya kisigino katika siku 12 za kwanza. Hao walikuwa watu wazima wenye madaktari na vifaa vya kila aina. Mwaka 2019 vyama viwili vya wataalamu wa mazoezi nchini Marekani vilitoa mwongozo kwa wanamichezo wa vyuo wanaotoka mapumzikoni: wiki ya kwanza kazi ipunguzwe kwa asilimia 50, ya pili 30, ya tatu 20, ya nne 10. Kwa mtoto mwongozo huo ni mahali pazuri pa kuanzia, ila kwa aliyekaa miezi minne hautoshi. Wiki ya kwanza ya jimnastiki iwe ya kuviringika chini, kusimama kwa mikono ukutani, kutua kutoka kimo cha goti. Kupinduka hewani kusubiri. Samasoti irudi ikiwa imeshikwa na mwalimu, juu ya mchanga uliolimwa ukawa laini, hata kwa mtoto aliyekuwa akiipiga peke yake.

Sehemu kubwa ya hasara inaweza kuzuiwa nyumbani kwa gharama ndogo. Robert Hickson na wenzake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walionyesha kwamba watu waliopunguza mazoezi kwa theluthi mbili, ama kwa idadi ya siku ama kwa urefu wa muda, walibaki na uwezo wao wa pumzi kwa wiki 15, mradi ukali wa mazoezi haukushuka. Hivyo mtoto wa Kisarawe anahitaji dakika ishirini, mara mbili au tatu kwa wiki: mbio fupi za kasi kwenye njia ya kijiji, kusimama kwa mikono ukutani, kuchuchumaa na kuruka, msamba na daraja la mgongo mwili ukiwa umepashwa moto. Miruko ya hewani isiwemo kamwe, kwa sababu hakuna wa kumshika. Mwalimu anaweza kuliandika hilo upande mmoja wa karatasi na kulisoma mbele ya wazazi siku ya kufunga shule, kwani mtoto asiyeruhusiwa kutoka jikoni saa kumi jioni hatalitekeleza, hata akitaka.

Upande wa pili wa karatasi hiyo uwe na urefu wake kwa sentimita, uzito wake, muda anaoweza kusimama kwa mikono, na orodha ya alichokuwa akikifanya bila kushikwa. Shule ikifunguliwa, apimwe tena kabla ya kuruka. Kwa anayemaliza darasa la saba, karatasi hiyo aipeleke kwa mwalimu wa michezo wa sekondari atakayopangiwa, pamoja na fomu nyingine za kujiunga, ili siku ya kwanza ya mazoezi aanzie mahali mwili wake ulipo.